Mgomba Waliouzika kwa Jina Lako

Charleroi, 19 Februari 2024

Ornella mudogo wangu,

Nakusalimu kutoka kitandani. Nasalimia Mama, nasalimia Bibi, nasalimia na yule kuku wa Bibi anayelala ndani ya sufuria, kama hamjamla. Baba mudogo Gaspard simsalimii. Tulisalimiana kwa simu juma lililopita na zile salamu bado zinanitosha.

Nilipiga simu ya Mama mara nne. Mara tatu alisikiliza kidogo, kisha akakata. Mara ya nne Gaspard ndiye aliyeshika. Nikasema, "Baba mudogo, ni minye, Toussaint." Akasema, "Mwizi weye, tafuta familia ingine. Huyu wa kwetu tulishamulilia." Nikamtumia picha yangu kwenye simu yake kubwa. Akanifungia namba.

Ndivyo nilivyopata habari ya kifo changu. Asanteni kwa kunijulisha.

Mambo yalikuwa hivi. Mwezi wa kumi na mbili nilishikwa na mafua. Mafua tu, Ornella, kitu ambacho huko tunakiponya kwa kujifunika blanketi juu ya sufuria ya majani. Siku ya nne mapafu yote mawili yakajaa. Wanganga wakanilaza usingizi wa dawa, wakaniwekea mashine ya kusukuma hewa kifuani, nayo ikashindwa, kwa maana hewa haikuwa na mahali pa kuingia. Ndipo wakaleta ingine, ile inayofanya kazi ya pafu nje ya mwili. Tuyo moja, mpira mnene kama kidole gumba, ikachukua damu yangu kwenye paja. Damu ikapita ndani ya kisanduku, ikapewa hewa, ikarudi mwilini kwa tuyo ingine ya shingoni. Siku ishirini na sita. Mapafu yangu yalikuwa yamelala kama watumishi wa serikali siku ya Jumatatu, na kisanduku ndicho kilichopumua.

Baadaye walinitoboa koo, ndiyo maana sauti yangu imekuwa kama mulango wenye kutu. Mama haijui. Simlaumu.

Nakuomba mambo mawili. La kwanza, umsomee Mama barua hii na umwonyeshe mwandiko. Hajui kusoma lakini anajua T yangu, alinichapa miaka miwili kwa sababu yake. La pili, nataka jina la mutu aliyesema nimekufa. Munganga wangu aliongea na mutu wa kwetu kwa simu, tarehe 28 Desemba. Anasema walielewana vizuri sana.

Ni minye, marehemu,
Toussaint


Mulongwe, Uvira, 17 Machi 2024

Yaya Toussaint,

Nakusalimu sana. Sijui mutu anamsalimu namna gani yaya, mukubwa wake, akiwa ameshanyolewa nywele kwa kilio chake. Nywele zangu zinaanza kurudi, za Mama bado, anazinyoa tena kila zikichomoza. Bibi anaumwa magoti. Kuku wake aliliwa siku ya pili ya kilio chako, alikuwa mgumu. Nicole, binti wa Baba mudogo Gaspard, alizaa mutoto wa kiume tarehe tano Januari, wakamwita Toussaint ili jina lisipotee. Kwa hiyo nafasi yako imejazwa. Mpya analia kuliko weye na hana ndevu.

Barua yako ililetwa na Mama Generose, yule Murundi anayevuka mpaka wa Kavimvira kila juma kupeleka mawese Bujumbura na kurudi na barua. Aliitoa chini ya mfuko wa ndagala, akaninong'oneza: "Huyo bwana wako wa Ulaya anaandika vizuri. Mwambie akuoe ao akuache usome." Sikukana. Unanijua. Nikitazamwa machoni maneno yote yanakimbia, yale ya Kifaransa yanatangulia na ya Kiswahili yanafuata. Kwenye karatasi tu ndiko ninakokuwa na mdomo.

Unataka kujua walikulilia namna gani? Nitakuambia, na kama utacheka, cheka, wanastahili.

Mwili haukuwapo. Baba mudogo akasema mutu asiye na kaburi anatembea, na hataki weye utembee ndani ya parsele yake. (Alisema "yangu". Baba yetu, marehemu mwenye hicho kiwanja, angesikia.) Kwa hiyo tarehe thelathini akatuma watu kwenye shamba la Marcellin wang'oe mgomba. Wakaufunga ndani ya blanketi yako ya simba. Vijana wanne wakaubeba kutoka barabarani mpaka nyuma ya jikoni, wakilia, na mmoja akasema, "Loo, Toussaint alikuwa na mifupa." Shemasi Anastase akauombea muda wa saa mbili. Akasema ulikuwa mutu wa sala. Weye, uliyekuwa unalala tangu wimbo wa kwanza. Akaweka mkono juu ya mgomba, akafunga macho, akasema, "Mwana wetu, tulijua utafika mbali." Watu wakaitika amina.

Baba mudogo alileta mbuzi kutoka Bijombo milimani na akatuambia mara kumi na moja kwamba ametoka Bijombo. Siku ya kuinua kilio, kumaliza matanga, waligawa nguo zako. Koti yako nyeusi ya ngozi alijipa mwenyewe. Zipu haifiki. Anaivaa kanisani jua likiwaka na jasho linamtiririka, na watu wanasema, masikini, namna gani alimpenda.

Kuhusu Mama: macho yanamuuma siku hizi, nimeona nisimsumbue kwanza. Kuhusu aliyesema: watu walikuwa wengi siku ile, kila mutu alikuwa anasema.

Mudogo wako mwenye kichwa cha mviringo,
Ornella


Charleroi, 8 Aprili 2024

Ornella,

Salamu kwa wote, na kwa jina langu dogo hasa. Mwambie apumue vizuri, jina hilo lina mapafu mabaya. Minye natembea. Juzi hatua saba mpaka dirishani, jana kumi na mbili, kisha nikakaa chini kama Bibi akitoka sokoni.

Nilicheka mgomba mpaka kengele ya kitanda ikalia na muuguzi akakimbia. Anaitwa Noella, mwanamke wa Bukavu, na ndiye aliyenikalia zile siku nilizokuwa nimelazwa. Nilimweleza. Hakucheka. Aliniuliza, "Siku gani walizika?" Nikamwambia tarehe thelathini. Akahesabu kwa vidole, akasema siku ile alikuwa zamu. Kila saa alimulika kisanduku kwa tochi, pembe kwa pembe, kutafuta weusi wa damu inayoganda, kwa maana kipande kidogo tu kikiziba, basi. Ananieleza kwamba tuyo mbili zilikuwa na rangi mbili. Inayotoka ilikuwa nyeusi kama maji ya mto Mulongwe mvua ikinyesha Bijombo, na inayorudi ilikuwa nyekundu inayong'aa. Alikuwa akisimama katikati na kulinganisha.

Kwa hiyo saa ileile: huku mwanamke asiyenijua anaangalia damu yangu kwa tochi, kule shemasi anayenijua tangu ubatizo anaongea na ndizi. Na hawa ndio wanaoniita mwizi. Gaspard hajapata kuona pafu hata la mbuzi bila kuuliza ni sehemu ya nani, na yeye ndiye aliyejifanya munganga wangu.

Lakini hukunijibu. Macho ya Mama yanauma, masikio je? Nimesema umsomee, sikusema asome. Na "kila mutu alikuwa anasema" si jina. Simu ni moja, sikio linaloingia simuni ni moja.

Nangoja,
Toussaint


Mulongwe, 19 Mei 2024

Yaya Toussaint,

Nakusalimu kutoka juu ya meza. Si mchezo, nimekaa juu ya meza ya Bibi, chini ni maji. Ziwa limepanda kuliko wazee wanavyokumbuka, na mto nao ukaja kutoka juu. Barabara ya Bujumbura ilikatika upande wa Gatumba, Mama Generose alikaa ng'ambo majuma matatu, ndiyo maana barua yako ya Aprili imenifikia juzi na karatasi yake imevimba. Tuko wazima. Tumepandisha magodoro juu ya matofali. Madarasa mawili ya shule yetu yana samaki, na mwalimu wa Kifaransa anafundisha amevaa buti, anajivunia buti kuliko somo.

Na sasa habari nzuri. Umeota.

Ndiyo. Wale wajinga walizika mgomba pamoja na kitako chake na mizizi. Mutoto wa shule ya msingi anajua kwamba ukitaka mgomba ufe unakata kitako, lakini wazee wenye busara, na shemasi, na mutu wa mbuzi kutoka Bijombo, waliung'oa wote na kuupanda vizuri, kwa maombi. Maji yalipokuja, kaburi lako likatoa chipukizi. La kwanza Bibi ndiye aliyeliona. Aliweka ndoo chini, akaniita taratibu: "Ornella, mukubwa wako anatoa majani." Baba mudogo akaja na panga, akakata, akasema ni magugu. Juma lililofuata yakatoka mawili. Akakata. Sasa yako matatu, na kila Jumamosi anakuja amevaa koti yako, ameviringisha suruali mpaka magotini, anakuua tena ndani ya maji. Shemasi Anastase ameulizwa maana yake. Amesema Mungu ana mafumbo. Nilitamani kumwambia, si fumbo, ni kilimo.

Mama haendi nyuma ya jikoni. Anapika mbele sasa.

Kuhusu yale uliyoniuliza, nisamehe, maji haya yametuvuruga, hakuna mahali pa kukaa na Mama peke yangu. Kila mutu iko juu ya meza moja. Maji yakishuka nitaona.

Jipe nguvu ya hatua kumi na tatu.
Ornella


Charleroi, 10 Juni 2024

Ornella,

Nawasalimu juu ya meza zenu. Nimetoka lopitali tarehe moja. Ngazi za nyumba ni kumi na sita, napumzika kwenye ya nane. Kuna mwanamke Mturuki ameniwekea kiti pale.

Nimesoma barua zako mbili mara nyingi. Unaandika vizuri sana juu ya upumbavu wa watu wengine. Gaspard yuko pale mpaka jasho lake nalisikia. Anastase yuko pale. Hata mwalimu wa buti. Lakini kuna mutu mmoja simuoni popote kwenye kilio changu. Hakubeba, hakuimba, hakupika, hakula. Alikuwa wapi huyo, akitazama tu kama mzungu mwenye kamera?

Usinifanye nicheke tena. Kucheka kunaniuma kifuani na hakunijibu kitu. Karibu miezi minne nimekuomba utembee kutoka kitanda chako mpaka cha Mama. Minye na mapafu haya nimeshatembea mbali kuliko hapo. Nyumba yetu ina vyumba viwili. Hukukosa nafasi, Ornella.

Nilidhani nina familia ya wajinga na dada mmoja mwenye akili. Sasa sijui ni kipi kibaya zaidi.

Nijibu ao usiandike.
Toussaint


Mulongwe, 7 Julai 2024

Yaya Toussaint,

Nakusalimu. Maji yameshuka. Bibi anatembea na fimbo. Mama iko vilevile. Hiyo ndiyo habari ya nyumbani yote, sitaki kuirefusha, maana nikiirefusha nitafika mwisho wa karatasi bila kusema.

Ni minye.

Tarehe 28 tulikuwa tumekaa wote uani, bado ni siku za Noeli. Baba mudogo Gaspard kwenye kiti cha Baba, Shemasi Anastase kando yake, Bibi kwenye mkeka, Mama anachambua mchele. Simu ya Mama ikalia namba ndefu. Akasikiliza, akaninyooshea: "Ni Kifaransa." Nikaishika. Unajua Kifaransa changu, kila mwaka minye ndiye wa kwanza. Nilimwelewa munganga kila neno. Alisema weye ni mgonjwa sana, mapafu yako hayafanyi kazi kwa sasa, wamekuunganisha na mashine inayotia hewa ndani ya damu nje ya mwili. Nikaanza kuwafasiria. Nikasema "damu yake iko nje", Bibi akashika kifua. Nikaanza tena, nikakwama, wote wakinitazama. Baba mudogo akapiga goti lake, akasema, "Usituletee mambo mingi ya shule. Uliza kitu kimoja: anapumua ao hapumui?"

Nikauliza. Munganga akasema: "Yeye mwenyewe, hapana, kwa sasa hapumui, lakini…"

Nikasema: "Hapumui."

Bibi akaanguka. Mama akamwaga mchele. Baba mudogo akasimama, akavua kofia, na kila mutu akalia kwa sauti, na minye nilikuwa bado nimeshika simu sikioni. Munganga aliendelea kusema ile "lakini" yake, Yaya. Aliongea labda dakika tatu. Alisema mashine si ya kuponya bali ya kungojea, mapafu yanapumzishwa, mutu kijana, kuna matumaini, atapiga tena. Nikamwambia, "Ndiyo, Munganga. Asante, Munganga." Kwa adabu. Nilikuwa na sentensi yote mdomoni. Lakini ingenipasa kupaza sauti juu ya kilio cha wazee na kusema, nyamazeni, mumekosea. Minye, ambaye hata nikitumwa chumvi kwa jirani nasimama mlangoni mpaka mutu atoke.

Nikafikiri nitasema kesho. Kesho yake watu walikuwa wamejaa uani. Kesho kutwa wakazika mgomba.

Sijamaliza. Ningetamani niwe nimemaliza.

Siku ile ya mgomba, ile namba ndefu ilipiga tena. Simu nilikuwa nayo minye, jikoni, kwa sababu Mama hakuweza kusema. Nje walikuwa wanaimba wimbo wa tatu. Niliangalia namba inawaka. Nikafikiri: akisema amekufa, basi. Lakini akisema iko muzima, nitatoka kwa mulango gani? Nitasimama mbele ya watu mia mbili na kusema maneno gani, na wamwambie nini yule mbuzi? Nikaikata, Yaya. Halafu nikaifuta namba. Ulikuwa muzima na nilipendelea uwe umekufa kuliko nisimame.

Uliandika kwamba sikula. Nilikula. Mbuzi, na kuku wa Bibi.

Baba mudogo ni mjinga lakini aliuliza, akajibiwa. Nilimcheka kurasa nyingi ili zisibaki nafasi za kujiandika minye. Barua zako ziko chini ya godoro langu, zilikauka juu ya bati la jikoni, T zako zote zinaonekana. Mama hajaziona hata moja.

Sijui niandike nini hapa chini.
Ornella


Charleroi, 24 Julai 2024

Ornella,

Salamu. Ngazi kumi na sita, bila kiti.

Nilijua. Munganga aliniambia siku nilipoamka: "Tuliongea na msichana, Kifaransa chake kizuri kabisa, mwenye adabu sana." Katika nyumba ile Kifaransa cha Gaspard kinaishia bonjour. Ulidhani kwa nini niliandika kwako? Nilingoja uniambie. Miezi mitano ni mirefu kuliko siku ishirini na sita.

Ile ya pili sikuijua. Noella aliniambia walipiga tena ikakatwa, na kesho yake wakaandika kwenye fishi, karatasi yangu ya lopitali: familia haipatikani. Nilidhani ni mtandao wa Uvira. Nilikuwa naulaani mtandao.

Sikusamehe. Usiniombe msamaha kwa barua, nitaichana. Nitakueleza kitu kimoja tu halafu nanyamaza.

Siku ya ishirini na tano walinifanyia mtihani. Nilikuwa macho. Walifunga hewa ya kile kisanduku. Pampu waliiacha izunguke, damu ikatoka, ikarudi, lakini ilitoka nyeusi na ikarudi nyeusi. Kwa macho ungesema nasaidiwa kama kawaida. Hakuna aliyenipa moyo, hakuna aliyesema jitahidi. Noella alivuta kiti, akakaa akitazama namba. Nilimwonyesha kwa mkono kwamba nakufa. Akatikisa kichwa: hapana, unaogopa. Ni kitu tofauti, na namba zinajua tofauti yake. Akakaa. Saa ya kwanza nilimchukia kuliko Gaspard. Kesho yake waliondoa tuyo.

Basi nimekufungia hewa, Ornella. Barua hii ni tuyo tupu. Sitaandika kwa Mama, sitampigia, sitamtuma Generose. Utasema kwa mdomo, na utasema mbele ya wote waliokuwa pale, si gizani mgongoni mwa Mama. Ao usiseme, nibaki mgomba. Majani yangu yanatoka, unaniambia.

T.


Mulongwe, 25 Agosti 2024

Yaya Toussaint,

Nakusalimu. Bibi anakusalimu. Mutoto Toussaint ameota jino. Upande wako wa simu ya Jumapili unaujua mwenyewe, nakuandikia upande wetu, maana hukuuona.

Nilichagua Jumapili ya tarehe 18 kwa sababu Baba mudogo alikuja na Shemasi kula bugali na sombe. Nilisubiri wanawe mikono. Nikasimama. Sauti haikutoka. Baba mudogo akasema, "Ukitaka kwenda chooni nenda, mutoto, huombi ruhusa." Shemasi akacheka. Yaya, namshukuru kwa kile kicheko. Kilinitia hasira, na hasira ikasukuma neno la kwanza.

Niliyasema yote. Simu ya kwanza, "lakini" ya munganga, simu ya pili. Niliyasema vibaya, nikirudia, pua inatiririka, lakini nilifika mwisho. Niliweka barua zako nne kwenye mkeka mbele ya Mama.

Baba mudogo alikuwa wa kwanza: "Mutoto huyu amepagawa. Anastase, tuombe." Shemasi akanyanyua mkono. Mama akasema, "Ushushe mkono." Sijawahi kumsikia akisema hivyo na mutu wa kanisa. Akachukua barua moja, akapitisha kidole juu yake, polepole, mstari kwa mstari, kama anayetafuta mawe ndani ya mchele. Kidole kikasimama. Kikasimama tena mahali pengine. Akasema, "Mutoto huyu mpaka leo hajui kuandika T."

Halafu akasema, "Kila mutu akae vile alikuwa amekaa siku ile." Akawapanga. Baba mudogo kwenye kiti cha Baba, Bibi kwenye mkeka, na hata ungo aliuleta akauweka mapajani, mtupu. Nicole akaja kutazama, akaambiwa akae mlangoni. Mama akaninyooshea simu. "Piga."

Ulipoitika ukasema "Mama", alifumba macho akasema yale uliyoyasikia: "Usiseme. Sauti hiyo siijui. Pumua tu."

Huku ilikuwa hivi. Alibana simu sikioni kwa mikono miwili. Mutoto Toussaint akaanza kulia, Nicole akamziba kwa ziwa. Nje motari, pikipiki ya abiria, ikapita ikipiga honi, Mama akainua kidole kama mwalimu, na nakuapia motari ilisimama. Sijui kwa nini. Hakuna aliyekohoa. Hata Baba mudogo, ambaye anapumua kama ng'ombe, alijizuia mpaka shingo ikajaa mishipa. Nilikuwa karibu, nikakusikia kidogo: unavuta, unakaa, kana kwamba umesahau, halafu unaachilia. Mama alikuwa anavuta pamoja na weye na anakaa pamoja na weye. Uniti za simu zilipoisha alibaki vilevile, simu imezimika, bado anapumua hivyo.

Kisha akanipa. "Weye ndiye mfasiri wa nyumba hii. Uwaambie."

Baba mudogo akajikohoza, akauliza kwa ile sauti yake ya mikutano: "Basi? Anapumua ao hapumui?"

"Anapumua," nikasema. "Na siku ile mashine ndiyo ilikuwa inampumulia. Na munganga alisema tungoje."

Mama akanipiga kofi moja. Kubwa.

Bibi alimuuliza Shemasi kama maombi ya saa mbili yanaweza kurudishwa. Shemasi akasema atauliza parokia. Baba mudogo akasema, hata hivyo, tulimlilia vizuri. Akangoja mutu akubali. Kisha akaondoka kwa haraka, na koti akaiacha kwenye kiti bila kuambiwa. Mama ameifua, iko kwenye kamba. Zipu imekufa, hiyo utanisamehe mapema.

Mgomba umefika kichwani kwangu. Jumamosi hii Baba mudogo hakuja na panga.

Nywele za Mama zimeachwa zikue. Lakini minye hajaniongelesha tangu Jumapili ile, na sidai. Kila siku saa kumi, akishamaliza kazi, ananinyooshea simu bila kunitazama. Napiga namba yako, nampa, natoka nje, nakaa karibu na kaburi lako. Dirisha liko wazi. Nasikiliza: anavuta, anakaa, anaachilia, pamoja na weye.

Ornella